Shule zikifungwa tena: kwa mwalimu mpya wa shule binafsi Kigoma

Wengi wenu mnaoingia kazini sasa mlikuwa bado wanafunzi Machi 2020. Mnaikumbuka korona kama likizo ya ghafla. Sisi tuliokuwa upande wa ubao tunaikumbuka vingine, na kwa kuwa nakaa ofisi ya taaluma na ndiye ninayewakabidhi vipindi, naona ni haki yenu kuyajua haya kabla hamjayahitaji.

Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini, serikali ilifunga shule za awali, msingi na sekondari. Kidato cha sita walirudi 1 Juni, waliobaki 29 Juni. Tukijilinganisha na majirani, tulipona: Kenya madarasa mengi yalisubiri hadi Januari 2021, na Uganda wapo watoto waliokaa karibu miaka miwili bila kukanyaga darasani. Lakini msidhani yameisha. Homa ya Marburg imeingia mkoa jirani wa Kagera mara mbili tangu hapo, 2023 na 2025, na kutoka Biharamulo ya huko hadi Kakonko ya kwetu si safari ya kutisha. Ziwa Tanganyika nalo limeshapanda likameza nyumba za watu ufukweni. Siombei, ila shule ya Kigoma isiyo na mpango wa kufundisha watoto wakiwa makwao inacheza bahati nasibu.

Neno langu kubwa ni hili: usihesabu ulichotuma, hesabu kilichorudi.

Nalisema mapema kwa sababu shule binafsi ina mtego wake. Inaishi kwa ada. Milango ikifungwa, mzazi anauliza analipia nini, na swali lake ni halali, hasa wa bweni ambaye ndani ya ada yake kuna ugali na maharage ambayo mtoto hali. Mkurugenzi naye anataka kitu cha kumwonesha mzazi. Basi unaundwa haraka mlolongo wa magrupu ya WhatsApp, kila somo na grupu lake, na walimu wanaanza kumwaga notsi: PDF za kurasa hamsini, picha za vitabu zilizopigwa kiupande, video za YouTube za mwalimu wa India anayefundisha kitu ambacho hakimo kwenye muhtasari wetu. Ukilifungua grupu unaona shule inachapa kazi. Ukiuliza ni watoto wangapi wamejibu hata swali moja, kimya.

Mwalimu mpya huvutwa sana na mkondo huo, maana anataka aonekane. Usivutwe. Mada moja kwa wiki, maswali matano, na majina ya waliorudisha yameandikwa kwenye daftari: kwa hilo unaweza kusimama mbele ya mkurugenzi na mbele ya mzazi, na likakusaidia wewe mwenyewe siku shule ikifunguliwa.

Sasa kwa nini kazi hairudi? Wengi hukimbilia kusema wazazi wetu maskini, hawana simu. Kwa mzazi wa shule binafsi hilo mara nyingi si kweli. Simu janja ipo, tena nzuri. Tatizo ni kwamba ipo moja, na iko mfukoni mwa baba. Kumbukeni Tanzania hatukufungiwa majumbani kama Rwanda au Afrika Kusini. Zilifungwa shule, lakini masoko, mabasi na mialo viliendelea. Kwa hiyo saa nne asubuhi, wakati wewe unatuma kipindi chako kwa ratiba ileile ya darasani, simu iko mwaloni Kibirizi inapokea bei ya dagaa, au iko kwenye gari kuelekea Kasulu. Mtoto yuko nyumbani na daftari tupu. Simu inarudi saa moja jioni, chaji imebaki asilimia tisa, na mwenye simu amechoka.

Ukilielewa hilo, nusu ya kazi imekwisha. Tuma mchana, wakati mzazi yuko sehemu yenye mtandao mzuri, ili kitu kiwe kimeshashuka kwenye simu. Usitegemee mtoto akione kabla ya jioni. Usiweke kipindi cha moja kwa moja cha Zoom mchana, na ukiweza usikiweke kabisa. Wakati wa korona Kigoma ilikuwa bado inategemea majenereta ya dizeli. Gridi ya taifa ilitufikia 2022. Umeme sasa una nafuu, lakini bando halijawa nafuu kiasi cha saa nzima ya video kwa kila somo, kwa nyumba yenye watoto watatu. Zoom inafaa kikao cha wazazi, basi.

Kinachofaa kwa mtoto ni sauti. Maelezo ya dakika tatu uliyorekodi kwa utulivu, pamoja na picha moja ya ukurasa wenye mwanga, ni mepesi kuliko video ya dakika moja, na mtoto anaweza kuyarudia mara sita bila kumwonea aibu mtu. Piga picha mchana karibu na mlango, si usiku chini ya taa. Wafundishe na watoto hivyo hivyo wanapopiga picha ya kazi yao. Utasahihisha kwenye kioo kidogo na macho ni yako. Vitabu vya Taasisi ya Elimu vipo kwenye Maktaba Mtandao yao, lakini usimwambie mzazi apakue kitabu kizima. Kipakue wewe, umtumie kurasa mbili anazozihitaji.

Na wapo wenye kitochi, simu ndogo isiyo na WhatsApp. Hata shule binafsi wapo. Bibi anayelea mjukuu Ujiji huku baba akilipa ada kutoka Dar. Hao usiwaache. Maswali kumi mafupi ya kuchagua yanaingia kwenye meseji chache za kawaida, na majibu yanarudi kwa moja tu: 1B 2D 3A. Si elimu ya kujivunia, lakini imerudi.

Kwa wa bweni walioko mbali, mtandao usahau, tumia karatasi. Bahasha ya kaki yenye kazi za wiki mbili inapanda basi la Kibondo au Kakonko, unampigia mzazi, anaipokea stendi. Wa vijiji vya kaskazini mwa ziwa kama Mwamgongo na Kagunga, bahasha inashuka Kibirizi na kupanda boti. Ifunge kwenye nailoni maana boti ni boti. Gharama yake ukilinganisha na ada ni ndogo mno, na hakuna kitu kinachomtuliza mzazi kama kushika karatasi yenye jina la mwanawe na nembo ya shule. Ndani ya bahasha weka na bahasha nyingine tupu ya kurudishia, yenye anwani na namba ya simu ya ofisi. Usipoiweka, hairudi.

Kuna jambo la ziwa ambalo wa kuja hawalijui. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, mitumbwi inapumzika. Mtoto wa mwenye mitumbwi akiwa nyumbani wakati wa giza anaamshwa alfajiri kwenda kuanika, hata kama anasoma shule ya ada ya mamilioni. Tarehe yako ya mwisho ya kurudisha kazi ikiangukia giza, utaandika watoro wengi. Angalia mwezi angani, weka kazi nzito kwenye siku za mbalamwezi. Tena itumie hali hiyo: mwambie wa kidato cha pili aandike bei ya debe la dagaa kila siku kwa wiki nzima, achore grafu, atafute wastani. Hiyo kazi hainakiliki, kwa sababu wa Mwanga mjini na wa Kalya kijijini hawataleta namba zilezile.

Kunakili ndiko kunakoua kazi za mbali. Mmoja anaweka majibu kwenye grupu, kumi na wanane wanayahamisha na makosa yake yote. Kugombeza hakusaidii. Tunga maswali ambayo kila mtoto ana namba yake: umri wake, idadi ya watu nyumbani kwake, umbali wa kwao hadi shuleni. Na kazi zirudi kwenye namba ya faragha, zisipite kwenye grupu.

Hapo kwenye faragha nisimame kidogo, hasa kwa vijana wa kiume. Namba hiyo isiwe yako. Iwe simu ya shule, ikae ofisi ya taaluma, isomwe na walimu wawili. Mtoto atume kupitia simu ya mzazi. Usimwandikie mwanafunzi wa kike usiku, hata kama swali ni la hisabati na nia yako ni safi kama maji ya Tanganyika. Sheria unaijua: tangu marekebisho ya 2016, kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30. Lakini hata bila kufika huko, meseji moja ya saa nne usiku inatosha kukuondolea heshima kwa wazazi wote wa darasa. Mimi kwenye hili sina mjadala na mtu.

Sasa lugha. Sisi ni shule ya Kiingereza, na mkurugenzi wa kawaida angependa kila kinachotoka shuleni kiwe Kiingereza hadi koma. Kwa notsi na maswali, sawa. Kwa maelekezo, hapana. Sauti ya mwanzo iwe ya mzazi, kwa Kiswahili kilichonyooka: "Mama, shikamoo. Leo mwanao asome ukurasa wa 34, ajibu maswali matatu ya mwisho, utupigie picha kesho jioni." Mama akielewa kinachotakiwa, anakuwa msimamizi wako bila mshahara. Asipoelewa, anaona aibu kuuliza, na mtoto anamwambia, "Leo hawajatoa kazi."

Na hapa niwaombe muwatazame kidato cha kwanza kwa jicho la pekee. Shule zikifungwa, wakubwa wote watazungumza habari za darasa la saba na kidato cha nne. Wana sababu: matokeo ya mitihani ya taifa ya NECTA ndiyo bango la shule binafsi, na mwaka mmoja mbaya unapunguza wanaoomba nafasi Januari. Nguvu, rimu za karatasi na vocha zinapelekwa huko. Lakini wa kidato cha nne, ukimpa kitabu na maswali ya miaka iliyopita, anaweza kujikokota. Wa kidato cha kwanza aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili aliingia Januari, akapewa wiki kadhaa za kumzoesha Kiingereza, na Machi akarudishwa nyumbani. Ukimtumia notsi za Biolojia kwa Kiingereza, umemtumia karatasi. Hajui hata swali linaulizaje. Watoto wa aina hiyo tulirudi nao Juni wakiwa wamesahau hata kile kidogo, na wengine walikokota pengo hilo hadi mtihani wa kidato cha pili.

Kwao punguza masomo. Mkubaliane walimu wa kidato hicho mtume kitu kimoja kwa siku chenye maneno mapya kumi, aya moja fupi, na sauti ya mwalimu akiisoma aya hiyo polepole. Mtoto aisome aya kwa sauti, arekodi, arudishe. Utaona haya yanaonekana ya kitoto karibu na majedwali ya kemia ya wenzako. Vumilia. Ukisikia sauti ya mtoto wiki ya kwanza na ya nne, hutahitaji mtu kukwambia kama anasonga.

La fedha nalisema haraka kwa kuwa halina utamu. Shule zilipofungwa, walimu wengi wa shule binafsi nchini walikatwa mishahara, wengine hawakulipwa kabisa, na baadhi waligundua hawakuwa na mkataba ulioandikwa. Kabla hujasaini kwetu au kwa yeyote, tafuta kwenye mkataba kipengele kinachosema nini kinatokea shule ikifungwa kwa amri ya serikali. Kisipokuwepo, omba kiandikwe. Na ujue kwamba lalamiko la kuachishwa kazi linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine, ndani ya siku 60. Wapo waliokaa wakisubiri ahadi ya maneno hadi siku zikapita. Ukiambiwa ufundishe kwa simu yako na bando lako, omba vocha kwa maandishi, kwa adabu, mapema.

Shule ikifunguliwa, wiki ya kwanza mkuu wa shule atataka mada mpya zianze Jumatatu kufidia muda. Zuia kidogo. Toa jaribio fupi la yale uliyotuma, lisilo na alama za kuingia kwenye ripoti, kisha chukua lile daftari la kazi zilizorudi uliweke kando ya matokeo. Utakuta makundi matatu. Waliorudisha na wanajua, hao waendelee. Waliorudisha na hawajui, maana yake dada au kaka alikuwa anawafanyia. Waite mmoja mmoja bila kelele. Ambao hawakurudisha chochote, kabla hujawaita wavivu waulize simu ya nyumbani ilikuwa kwa nani na saa ngapi, uyaandike majibu yao kwenye ukurasa uleule, halafu uniletee daftari hilo ofisini tupange vipindi vya jioni.