Uanzie wapi na AEW

Ndugu, umeuliza kama ili uipende AEW, kampuni ya mieleka ya Marekani, ni lazima urudi nyuma hadi 2019 ilipoanzishwa. Hapana, usijichoshe. Tafuta pambano moja tu: Kenny Omega na Bryan Danielson, Septemba 2021, uwanja wa Arthur Ashe, New York. Dakika 30 nzima, muda ukaisha bila mshindi, na watu hawataki liishe! Mimi nimekulia kwenye WWE, kampuni nyingine ya mieleka, na mazungumzo yake marefu ulingoni. Kwenye pambano hilo ndipo nilipoona mieleka yenyewe ikipewa nafasi. Ukishalitazama, fuatilia Dynamite, kipindi cha AEW cha runinga, kila Jumatano (kwetu huku ni usiku wa kuamkia Alhamisi) kwa mwezi mmoja. Majina utayazoea taratibu, hasa ukipata mmoja wa kumshangilia. Wangu ni Omega.