Kabla ya kutafuta mfadhili, daftari liko kwa nani?

Nimejitolea kwa miaka tisa katika vikundi vya akiba na mikopo vya akina mama wa Mathare na Mukuru kwa Njenga, mitaa ya mabanda jijini Nairobi, wengi wao wauza mboga na mama fua, wanaofulia watu nguo kwa ujira wa siku. Kila mara naulizwa tupate wapi mfadhili. Mimi huuliza kwanza daftari la hesabu liko kwa nani.

Mwishoni mwa Aprili 2024, Mto Mathare ulipofurika usiku, katibu wetu aliwahi kutoka na watoto wake wawili na kitambulisho. Daftari lilibaki chini ya kitanda, na asubuhi nyumba yenyewe haikuwepo. Humo mlikuwa na hesabu za akiba na mikopo ya wanawake 23, na wiki ile kila mmoja alikuwa na shida ya pesa kuliko wakati wowote. Tuliketi juu ya mitungi mitupu nje ya kanisa, tukaanza kukumbushana. Mmoja akasema amebakiza deni la shilingi 800, mwenzake akamwambia ni 1,200. Watu waliochangiana matanga na harusi wakaanza kurushiana maneno.

Mama mmoja anayeuza sukuma wiki, ambaye hakusoma hata darasa moja, akanyanyua mkono. Alitaja hesabu ya kila mtu, mmoja baada ya mwingine, bila kusita. Kila Jumapili tulikuwa tunasoma daftari lote kwa sauti, naye alikuwa akizishika zote kichwani. Tulilinganisha na jumbe za M-Pesa kwenye simu zetu, karibu zote zikaafikiana.

Kwa hiyo someni hesabu kwa sauti, mkianza mkutano na mkifunga. Kila mwanachama awe na kadi yake ya hesabu, na ukurasa wa siku upigwe picha uende kwenye WhatsApp ya kikundi kabla watu hawajaachana. Sanduku la pesa liwe na kufuli tatu, funguo zikae kwa watu watatu wasio ndugu. Pesa za kikundi zisilale kwenye laini ya simu ya mtu mmoja. Akisafiri kwenda mazishini mashambani, mtoto wa mwenzake anaweza kulazwa na msipate hata ya dawa.

Halafu jisajilini. Sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022 inataka angalau wanachama kumi, na afisa wa maendeleo ya jamii ndiye wa kumwona. Cheti hicho ndicho benki itakachoomba, na ndicho mtakachobeba mkienda kuomba mkopo wa Hazina ya Wanawake ya serikali (Women Enterprise Fund), iliyoanzishwa 2007.

Na ninyi mnaotoka nje kuja kutoa mafunzo, tafadhali msiyaweke Jumanne saa nne asubuhi. Mama fua akihudhuria, siku hiyo watoto wanalala njaa. Niliwahi kuwalaumu akina mama kwa kutokuja, na nilikosea sana. Wekeni Jumapili alasiri, na nauli iwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Mama wa sukuma wiki siku hizi anashika ufunguo wa pili. Jumapili iliyopita alimkatiza katibu: "Rudia hapo mwanangu. Aliweka mia tatu, si mia mbili." Katibu akakata kwa mstari mmoja, akaandika 300, na mwenye pesa akatia kidole gumba pembeni.