Uswidi sio Uswisi: machache kwa wakalimani wapya mnaopangiwa kesi za kina dada wanaouza ngono

Mwaka wangu wa kwanza kwenye hii kazi nlipigiwa simu ya ukalimani kutoka Stockholm, mi nipo zangu Hamburg hata uso sijaosha, upande mmoja afisa ustawi wa jamii, upande wa pili dada mmoja wa Pwani ya Kenya. Afisa akasema hapa kwetu anayeuza ngono hana kosa, mwenye kosa ni anayenunua. Nikatafsiri vizuri tu, ila ulimi ukateleza, nikasema "huku Uswisi". Kumbe yule dada alikuwa katoka Zurich wiki mbili nyuma, kwaiyo alichoelewa ni kwamba wateja wake wote wa Zurich ni wahalifu na yeye anatafutwa kwenda kutoa ushahidi. Kimya. Halafu nikasikia analia. Ilituchukua kama robo saa kurudi pale tulipokuwa, na kosa ni langu, herufi moja tu.

Sasa hizo nchi mbili kwa hili jambo ni mbingu na ardhi. Uswisi biashara hiyo inaruhusiwa tangu 1942, Uswidi kununua ni jinai tangu Januari 1, 1999. Tangu siku ile nikiwa kazini nasema Sweden na Switzerland kama walivyozoea wenyewe kina dada, Kiswahili sanifu nakirudia nikifika nyumbani.

Naandika hivi kwa sababu nimeona wengi mnaingia kwenye ukalimani saivi, na hakuna anayewaambia kwamba hizi kesi zitawafikia. Karatasi ya kazi itaandikwa "ushauri wa afya" au "usajili, ofisi ya manispaa", unaenda ukidhani ni mambo ya chanjo, unafungua mlango unakuta ni hayo. Huwezi kutafsiri kitu usichokielewa, sheria ikikupita pembeni utaipindisha bila kujua.

Cha kwanza, acheni kuuliza "Ulaya inaruhusiwa au hairuhusiwi". Hakuna Ulaya moja kwenye hili. Bunge la Ulaya lilipitisha azimio 2014 na jingine 2023 la kuzihimiza nchi zimwadhibu mnunuzi, lakini azimio halimfungi mtu, kila nchi inapika chungu chake. Mi huwa najiuliza vitatu: hapa mwenye kosa ni nani (anayeuza, anayenunua, mwenye nyumba, au anayekula asilimia), ni mji gani na mtaa gani, na huyu dada ana makaratasi gani. Hilo la tatu ndo huwa linaamua kila kitu na ndo watu wanalisahau.

Kundi la Sweden, yaani nchi zinazomwadhibu mnunuzi, ni kubwa kuliko mnavyodhani. Norway na Iceland waliingia 2009, Ireland ya Kaskazini 2015, Ufaransa Aprili 2016, Jamhuri ya Ireland 2017. Ufaransa mnunuzi akikamatwa faini inafika euro 1,500, akirudia 3,750. Watu 261 wanaofanya hiyo kazi waliishtaki Ufaransa kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya pale Strasbourg, wakisema sheria hiyo inawaweka hatarini, na Julai 2024 mahakama ikasema haijaona uvunjaji. Nawatajia kwa sababu wapo kina dada wanaoifuatilia hiyo kesi kuliko wanasheria wao, na atakuuliza katikati ya kikao "ile kesi si tulishinda?" Usijibu wewe. Mtafsirie afisa swali, ajibu yeye.

Halafu kuna mtego. Ukisema "anayeuza hana kosa" dada anasikia "niko salama", na sivyo. Anayempangisha chumba anaweza kuhesabiwa kuwadi. Oslo kati ya 2007 na 2011 polisi walikuwa na operesheni waliyoipa jina la Husløs, yaani bila nyumba, wanamwendea mwenye nyumba wanamwambia usipowatoa hawa tunakushtaki wewe, basi anawatoa siku hiyohiyo, na wengi walikuwa wanawake wa Kiafrika. Finland nako mtu asiye raia wa Ulaya akishukiwa tu kwamba anauza anaweza kuzuiwa kuingia au kurudishwa kwao, ingawa kuuza kwenyewe si jinai. Kwaiyo msitafsiri kwa mkato. Afisa akisema "kuuza si kosa la jinai", sema kosa la jinai, neno zima, msikate mkabaki na "si kosa".

Uingereza ni kichekesho cha aina yake. England na Wales mtu mmoja akiwa peke yake ndani kwake hana kosa. Wakiwa wawili kwenye flati moja, hata kama wamekaa pamoja ili mmoja akipata mteja kichaa mwenzake asikie kelele, sheria inaita pale danguro, na anayeliendesha ana kesi. Nlishatafsiri hilo kwa dada wa Kitanzania akaniangalia mimi kana kwamba nimelitunga, akasema "kwaiyo wanataka nife peke yangu?" Nikatafsiri hivohivo alivyosema. Afisa akaandika.

Ujerumani ndo nyumbani kwangu, hapa nitakaa kidogo. Sheria ya 2002 iliifanya kuwa kazi kama kazi, mkataba wake unatambulika, mtu anaweza kudai malipo mahakamani. Halafu Julai 1, 2017 ikaja nyingine ya kulinda na kubana kwa pamoja: lazima ujisajili, na kabla ya kujisajili lazima upite ushauri wa afya. Cheti cha usajili kinadumu miaka miwili, ukiwa chini ya miaka 21 mwaka mmoja, na ushauri unarudiwa kila mwaka, chini ya 21 kila miezi sita. Kondomu ni lazima kisheria, na mteja anayekataa anaweza kutozwa mpaka euro 50,000. Dada akikutwa hana cheti faini inaweza kufika 1,000. Anaweza kuomba cheti cha pili chenye jina la kazi badala ya jina lake halisi, hilo wengi hawalijui, nanyi hakikisheni mnalitafsiri afisa akilitaja maana huwa wanalisema harakaharaka mwishoni wakati wameshaanza kukusanya mafaili.

Kile chumba cha ushauri sheria imekiweka kiwe cha watu wawili, yeye na mshauri, na mkalimani akihitajika. Sasa sikilizeni hii. Nlifika ofisi moja, siitaji, nikamkuta binti kama wa miaka 22 kakaa kwenye kiti cha plastiki, pembeni yake mama mmoja wa makamo, lesso mabegani, simu mbili mkononi, anaongea Kijerumani kizuri. Mama akaniwahi: "Mwanangu wewe rudi tu nyumbani, huyu ni mtoto wa dada yangu, nitamtafsiria mimi, posho yako watakulipa hata wasipokuona." Na mshauri, Mungu amsamehe, alikuwa karibu kukubali kwa sababu foleni ndefu. Nikasema mimi nimepangiwa na nitakaa. Tulipoingia watatu na mlango ukafungwa, yule binti swali la kwanza aliloniuliza mimi, sio mshauri, ni hili: "Pasipoti yangu naweza kuipata hapa?" Nikaligeuza Kijerumani neno kwa neno na nikanyamaza. Mshauri akaweka kalamu chini. Yaliyofuata si yangu kusimulia, ila mjue tu kwamba dalili za kulazimishwa zikionekana pale, ofisi inatakiwa kuchukua hatua, sio kugonga muhuri. Mama kama yule akibaki nje ya mlango, hiyo ndo kinga yenyewe.

Na hata Ujerumani kujisajili hakukupi ruhusa ya kuishi. Asiye raia wa Umoja wa Ulaya lazima aoneshe makaratasi yanayomruhusu kufanya kazi, na viza ya mwanafunzi haikupi ruhusa ya kujiajiri hivihivi. Uholanzi walifuta marufuku ya madanguro Oktoba 2000, watu wakaona mtaa wa De Wallen pale Amsterdam na madirisha yake ya taa nyekundu wakadhani ni mlango wazi, kumbe kibali cha kazi kwa mtu wa nje ya Ulaya kwa kazi hiyo hakitolewi. Kwaiyo dada aliyedanganywa na agenti kwamba "Ulaya ni halali, utakata leseni" anafika anakuta leseni ipo kweli, ila sio yake. Hapo namaliza sheria ya makaratasi maana ikianza hatulali.

Ujerumani kila mji nao una mipaka yake, kuna maeneo yaliyopigwa marufuku yanaitwa Sperrbezirk, msihangaike kulitafsiri, semeni "eneo lililokatazwa" na mumwombe afisa aoneshe kwenye ramani. Hapa Hamburg kule St. Georg karibu na stesheni kuu ni marufuku kusimama barabarani, St. Pauli kuna mitaa inaruhusiwa. Ni mwendo wa treni dakika chache tu.

Ubelgiji ndo wameenda mbali kuliko wote. Juni 2022 walitoa kazi hii kwenye sheria ya jinai, wa kwanza Ulaya, na Desemba 1, 2024 ikaanza sheria ya mkataba wa ajira: likizo ya uzazi, pensheni, haki ya kumkataa mteja bila kufukuzwa, kitufe cha dharura chumbani, na mwajiri lazima awe na kibali. Ila ni kwa walioajiriwa, anayejitegemea hiyo haimhusu.

Italia: sheria ya Merlin ya 1958 ilifunga madanguro, kuuza si kosa, kumsaidia mtu auze ndo kosa. Lithuania, Serbia na Urusi anayeuza mwenyewe anapigwa faini. Basi.

Sasa maneno, maana hapa ndo tunapoharibu.

"Halali" liacheni. Dada wa Mombasa au wa Tanga ukimwambia "hapa ni halali" anasikia habari za dini, anakukodolea macho. Sema "sheria inaruhusu". Escort vilevile, kuna mwenzetu aliitafsiri "msindikizaji", dada akauliza kwa mshangao, "nimemsindikiza nani, bi harusi?" Wenyewe wanasema kutoa kampani, au eskoti hivohivo, lakini muulize kwanza anamaanisha nini maana kampani inaweza kuwa chakula cha usiku na inaweza kuwa zaidi, na kisheria inatofautiana. Na umalaya, changudoa, sijui kahaba, msiyatoe mdomoni mwenu isipokuwa mtu mwenyewe kayasema, hapo tafsiri kama alivyosema. Afisa akitumia neno la heshima na wewe ukalishusha, dada anadhani ni afisa kamtukana.

La hatari kuliko yote ni "kusafirisha". Kwetu mtu akikutafutia tiketi na viza kakusafirisha, na unamshukuru. Polisi akiuliza kama kuna mtu alimsafirisha kimagendo, wewe ukauliza kwa ufupi "kuna mtu alikusafirisha?", dada atajibu "ndio, mjomba", na mjomba masikini ya Mungu aliuza ng'ombe wawili kununua ile tiketi. Ameshakuwa mtuhumiwa wa biashara ya binadamu. Na upande wa pili vilevile, aliyeuzwa kweli atasema "hapana, nilikuja mwenyewe", kwa sababu alipanda ndege kwa miguu yake. Tafsiri swali zima: kama kuna mtu alimdanganya kuhusu kazi, kama kuna deni, nani kashika pasipoti, pesa inaingia mfuko wa nani. Ni jambo zito, maana akitambuliwa kama mwathirika anapewa muda wa kutafakari kabla ya kuamua kushirikiana na polisi, mkataba wa Baraza la Ulaya wa 2005 unasema siku zisizopungua 30, Ujerumani na Uholanzi ni miezi mitatu, na ndani ya huo muda hafukuzwi nchini. Neno moja bovu, huo muda umepotea.

Na wale wa Bongo wanasema "nilijilipua", yaani aliomba ukimbizi. Mkalimani mmoja kutoka upande mwingine kabisa wa Afrika Mashariki alilitafsiri kama lilivyo mbele ya polisi wawili wenye silaha. Msinilazimishe nieleze kilichofuata.

Msiwape ushauri wenu. Mtu atakuomba namba chooni, atakuuliza "dada yangu nifanyeje", utaumia, lakini ukishauri wewe na ikaenda vibaya hakuna wa kumlinda. Mwambie kuna ofisi za ushauri za bure zisizouliza makaratasi, mwombe mshauri amwandikie anuani, ishia hapo.

Na jamii yetu ni ndogo mno. Mwaka juzi nlialikwa harusi, ukumbi umejaa, pilau linapita, mwenye shughuli akaniletea binti aliyevaa dira ya kijani ananitambulisha, huyu mgeni wetu, kahamia mji huu juzijuzi, anatafuta kazi za usafi. Nlikuwa nimekaa naye masaa mawili kwenye chumba cha ushauri miezi mitatu nyuma. Nikampa mkono, nikasema nafurahi kukufahamu, kwenu wapi? Akasema Muheza. Nikasema aah, karibu na kwetu. Akaniongezea kachumbari akaenda meza nyingine.