RX-8 inakula oili, fundi anataka kuziba mirija: kisa ushindi wa Le Mans

SWALI: Fundi, naomba ushauri. Nina Mazda RX-8 ya mwaka 2004 niliyoagiza kutoka Japani. Haitoi moshi wa kutisha, ila kila baada ya wiki chache lazima niongeze oili, na siku hizi imeanza kuwa nzito kupanda kilima. Fundi wa mtaani kwangu anasema injini hii ndiyo ileile iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1991, ikapigwa marufuku kwa sababu hakuna aliyeiweza, na kwamba Mazda waliipunguza nguvu kabla ya kutuuzia. Anataka kuziba vimirija vinavyoingiza oili kwenye injini, kutoa masega (kichujio cha moshi kwenye bomba la ekzosi), halafu aingie kwenye kompyuta ya gari aongeze nguvu. Nimpe kazi? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Usimpe. Na kama ameshaanza, mwambie arudishe kila kitu kilipokuwa leo hiihii.

Oili unayoongeza haipotei bure, ndiyo kazi yake. Injini ya RX-8 haina pistoni; ndani yake huzunguka rota, vipande vya chuma vyenye pembe tatu. Kila ncha ya rota ina sili nyembamba inayosugua ukuta wa chemba kila mzunguko, na pampu ndogo huipimia oili kidogo ili isisage kavu. Oili hiyo huishia kuungua pamoja na petroli. Ukiziba vimirija, gari litatembea vizuri kwa muda na fundi atasifiwa mtaa mzima. Niliwahi kuletewa moja iliyofanyiwa hivyo kwenye gereji fulani. Tulipofungua, ukuta wa chemba ulikuwa na michirizi ambayo ukucha unakwama, na sili moja ilibaki kipande kama kijiti cha kiberiti kilichovunjika. Mwenye gari alikuwa amelipia kazi hiyo akiambiwa anaokoa hela ya oili.

Lakini kinachonichosha zaidi ni hiyo hadithi ya marufuku. Haupiti mwezi bila mtu kuniletea, na kila mara inatumika kuuza kitu.

Gari lililoshinda ni Mazda 787B namba 55, lile la rangi ya chungwa na kijani, likiendeshwa na Johnny Herbert, Volker Weidler na Bertrand Gachot. Injini yake iliitwa R26B: rota nne, lita 2.6, plagi tatu kwa kila rota, sili za ncha za seramiki, na mirija ya kuvutia hewa iliyokuwa ikirefuka na kufupika yenyewe kulingana na mzunguko wa injini. Ilitoa takriban farasi 700 kwa mizunguko 9,000. Yako ina rota mbili, lita 1.3, na milango yake ya hewa na ya moshi iko ubavuni mwa chemba, si ukutani ilipokuwa milango ya ile ya mbio. Ni ukoo mmoja, sawa. Hata mbuzi na swala ni ukoo mmoja.

Sasa hilo la kwamba hakuna aliyeiweza. Mwaka uleule wa 1991, mashindano ya dunia ya magari ya aina hiyo yalikuwa na mbio nane. Peugeot walishinda tatu, Jaguar tatu, Mercedes moja. Mazda walishinda moja tu, hiyo ya Le Mans. Mwaka mmoja kabla, magari mawili ya 787, toleo lililotangulia 787B, yaliingia Le Mans na yote mawili yakaishia njiani. Hata siku ya ushindi wenyewe, namba 55 lilianza nafasi ya 19, na mzunguko wa kasi kuliko yote haukuwa wake. Ulikuwa wa Mercedes ya kijana mmoja aliyeitwa Michael Schumacher, aliyemaliza wa tano.

Basi lilishindaje? Kwa hesabu, si kwa ubabe. Kila gari la kundi lake lilipewa lita 2,550 za mafuta kwa saa 24 zote. Ukizimaliza kabla ya muda, umekwisha. Jaguar walikuja na injini ya V12 ya lita 7.4, wakalazimika kuendesha huku wakiibania isinywe. Isitoshe, Takayoshi Ohashi, aliyeongoza timu ya Mazdaspeed, alikuwa ameshafanya kazi kubwa nje ya barabara: aliwabembeleza wasimamizi wa mbio, FISA, hadi gari lake likaruhusiwa kuwa na kilo 830, wakati Jaguar na Mercedes walitakiwa kuwa na kilo 1,000. Kilo 170 pungufu! Breki hazichoki upesi, matairi yanadumu, mafuta hayaliwi ovyo. Mtu yeyote aliyewahi kupakia mifuko mitatu ya saruji kwenye gari dogo ananielewa.

Pamoja na hayo yote, zikiwa zimebaki kama saa tatu, aliyekuwa mbele ni Mercedes. Kisha injini yake ikachemka na mchezo ukaisha. Kinachotajwa kuwa chanzo ni kishikizo cha alteneta. Hebu fikiria, kampuni nzima, mamilioni ya fedha, halafu unaangushwa na kitu ambacho kwenye gereji zetu kinachomelewa kwa dakika kumi. Mazda ikapita mbele, ikamaliza mizunguko 362, zaidi ya kilomita 4,900, mbele ya Jaguar tatu zilizofuatana. Herbert alishuka akiwa ameishiwa maji mwilini, hata jukwaani hakufika. Injini ilipokuja kufunguliwa baadaye ilikutwa katika hali nzuri.

Na marufuku? Kanuni mpya za injini za pistoni za lita 3.5 zilishatangazwa kabla ya mbio hizo. Mwaka 1991 ulikuwa wa mpito, na Mazda walijua kuwa ndiyo nafasi ya mwisho ya rota yao. Hakuna aliyekaa kikao baada ya ushindi akasema hii itutoke. Mwaka 1992 walirudi na gari lingine, MXR-01, lenye injini ya V10 ya Judd, wakamaliza wa nne.

Nimerefusha kwa sababu fundi wako si wa kwanza. Wapo wanaochukua ushindi wa mbio, wakaukata kichwa na mkia, kisha wakauza kiwiliwili. Leo ni RX-8. Kesho ni Subaru ya kijana anayeambiwa "tutoe masega lipumue", keshokutwa ni chupa ya dawa ya kumwaga kwenye oili eti wanaitumia kwenye mbio. Ukimuuliza ni mbio zipi, za mwaka gani, injini ipi, anaanza kukutajia magari ya wateja wake. Timu ya Le Mans inashusha injini na kuikagua baada ya mbio moja. Wewe unataka lako likupeleke Morogoro na kurudi, jua kali, foleni ya Kibaha, na Jumatatu uende nalo kazini.

Turudi kwenye gari lako. Uzito kwenye kilima, kwa RX-8 ya umri huo, mimi huanzia kwenye koili za plagi, zile zinazozipa plagi umeme wa cheche. Zikichoka, petroli haiungui yote ndani, inakwenda kuungulia kwenye masega, masega yanayeyuka na kuziba, moshi unakosa pa kutokea, joto linarudi kwenye sili. Kwa hiyo kuyatoa masega bila kugusa koili ni sawa na kubomoa choo kwa sababu una tumbo la kuhara. Badilisha koili, plagi na waya zake kwanza, ndipo yakaguliwe masega.

Kisha pima kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa ndani, lakini si kwa geji ya kawaida ya pistoni. Rota ina pande tatu, na geji ile hukuonyesha upande wenye nguvu kuliko wote tu, hata kama pande mbili nyingine zimekufa. Tafuta mwenye kipimo cha rota kinachosoma pande zote tatu, akupe namba sita kwa maandishi, tatu kwa kila rota. Akikuambia namba mbili zinatosha, chukua funguo zako.

Oili pima kila unapojaza tangi. Na asubuhi ukiliwasha ili kulisogeza tu getini, liache lipate moto kwanza ndipo ulizime, maana likizimwa likiwa baridi petroli hujaa ndani, na kuliwasha tena utaita watu.