Kwa nini 7 × 0 si 7

Dada, mwanao anayejibu 7 × 0 = 7 anachanganya na kujumlisha, maana kweli 7 + 0 ni 7. Usianze kumkaririsha. Weka sahani 3 mezani, kila moja na kokoto 2, azihesabu zote: 6. Punguza ibaki 1 kwa kila sahani: 3. Kisha toa zote, umuulize zimebaki ngapi. Atasema hakuna, na hapo ndipo mwandike pamoja 3 × 0 = 0. Sahani zipo ila hazina kitu. Acha aliseme hilo kwa maneno yake. (Kwa 0 × 3 unaondoa sahani zenyewe. Hilo ni gumu zaidi, lisubiri siku nyingine.)

Akizoea, mwandikie 7 × 3 = 21, 7 × 2 = 14, 7 × 1 = 7, moja chini ya nyingine, agundue kwamba kila hatua jibu linapungua 7. Mstari unaofuata ajaze mwenyewe. Naipenda sana njia hii, kwa sababu hata akisahau kanuni ana namna ya kuifikia tena. Halafu mchanganyie 5 + 0 na 5 × 0 kwenye karatasi moja, azoee kutazama alama kabla ya kujibu.