Leseni yangu, mtaji wa jirani

SWALI: Shikamoo mama. Nipo Mwanga, Kigoma, kwenye kibanda cha kutengeneza simu. Leseni iliyobandikwa ukutani ina jina langu, ila mtaji na hata bisibisi ni vya rafiki yangu Mrundi. Amri mpya inanigusa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Inakugusa, tena sana. Amri ya Julai 2025 inawazuia wasio raia kufanya biashara 15, na ufundi simu umo. Wewe Mtanzania unayemsaidia, faini ni shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3! Najua ni rafiki, ziwa hili tumelichangia miaka mingi. Lakini jina lako lisiwe pazia. Inunue biashara iwe yako kweli, la sivyo ifungeni. Kesho asubuhi nenda kwa afisa biashara wa manispaa, leseni mkononi.