Scrubs kwenye diski: jibu la nesi wa Mwanza

Mkuu, umeuliza mambo mawili: mtu anacheka nini kwenye sizoni ya hospitali wakati hospitali ni mahali pa majonzi, na kuna haja gani ya kuhangaika na diski za Scrubs wakati vipande vyake vimejaa kwenye simu. Nitayajibu kwa pamoja, maana kwangu ni swali moja. Mimi ni nesi, kazi yangu ni ya wodini hapahapa Mwanza, na sizoni hii nimeimaliza na kuirudia. Ninachoamini ni hiki: kicheko cha Scrubs kiko pale kukulegeza moyo ili huzuni ikifika ikupate, na moyo haulegei kwa kipande cha dakika mbili. Unatakiwa ukae na watu wale kipindi baada ya kipindi, kwa mpangilio wake. Diski inakukalisha.

Kwa wasioijua: ni sizoni ya Marekani, mtunzi wake ni Bill Lawrence. Ilianza kurushwa na kituo cha televisheni cha NBC Oktoba 2001, ikakaa huko misimu 7, kisha ikahamia ABC hadi 2010. Vipindi vilivyorushwa hadi hapo ni 182, kila kimoja dakika ishirini na kidogo. Inamfuata John Dorian, maarufu J.D., daktari aliyetoka chuo juzi anayeanza mafunzo kwa vitendo katika hospitali ya Sacred Heart, yeye na Turk wa upasuaji na Elliot. Juu yao yuko Dk. Cox mwenye ulimi mkali, yuko Dk. Kelso anayetazama mapato ya hospitali kabla ya kitu kingine, na yuko nesi Carla anayeijua wodi kuliko wote hao. Hospitali yenyewe ni ya kubuni, lakini jengo waliloigizia lilikuwa hospitali ya kweli iliyokwisha fungwa huko Los Angeles. Lawrence alikuwa na rafiki yake daktari, Jonathan Doris, ambaye ndiye J.D. alichongwa kutoka kwake, na visa vingi vilitoka kwa madaktari wenyewe.

Mtu wa hospitali anaona hilo mara moja. Katika kipindi cha kwanza kabisa mgonjwa anazidiwa, na J.D. badala ya kukimbilia kitandani anaingia stoo kujificha, anamkuta Elliot kajificha humohumo. Sisi tunapokea madaktari wa mafunzo kila mwaka, na yule ninamfahamu. Anasimama miguuni mwa kitanda, anafungua faili, anafunga, anafungua tena ukurasa uleule, macho yako mlangoni akimtafuta sista. Ukimwendea ukamwambia taratibu, "Daktari, dripu hii hapa, wewe nishikie mkono wake tu," utaona mabega yanashuka. Baada ya miezi kadhaa huyohuyo ndiye atakayekuita usiku wa manane akiwa anajua anachotaka. Scrubs imempa mtu huyo misimu 8 ya kukua mbele ya macho yako. Sijaona tamthilia nyingine ya hospitali iliyomheshimu daktari mchanga kiasi hicho, wala iliyomweka nesi mahali pake kama ilivyomweka Carla.

Sasa kucheka. Anayesema hospitali haina kicheko hajawahi kukesha wodini. Tuliwahi kuwa na bibi mmoja kutoka kijijini huko Kwimba, mwenye maneno. Kila daktari kijana akija na bomba la sindano kuchukua damu ya vipimo, bibi anauliza kwa sauti inayofika hadi kitanda cha mwisho: "Mjukuu wangu, ile ya jana mmeimaliza?" Wodi nzima inacheka. Alicheka hata mama wa kitanda cha jirani ambaye tangu aletwe alikuwa hajafungua kinywa, na jioni ile ndipo alipokubali kula uji. Ugonjwa wa mtu haukupungua kwa sababu ya bibi. Ila watu waliokuwa wamelala bila kujuana walianza kuulizana wametoka wapi, na ndugu wa mgonjwa mmoja wakawa wanamletea chai na mgonjwa mwingine asiye na mtu mjini. Kicheko cha wodini kinafanya kazi hiyo, na waandishi wa Scrubs wanaielewa. Wanaochekwa ni watu na vituko vyao. Hakuna mahali mgonjwa anachekwa kwa sababu anaumwa.

Kuanzia hapa nitasimulia yaliyomo, asiyetaka kujua mapema aruke hadi nitakapotaja M*A*S*H.

Kipindi cha nne cha msimu wa kwanza kinaitwa My Old Lady. J.D. anakuambia mwanzoni kwamba kati ya wagonjwa watatu wanaolazwa, mmoja atafia hapo. Kisha madaktari wale watatu kila mmoja anapata mgonjwa wake. Wewe mtazamaji unaanza kukisia ni yupi, unamwonea huruma huyu, unamwombea yule, huku ukiendelea kucheka. Wanakufa wote watatu. Wa J.D. ni mama mzee, Bi. Tanner, ambaye figo zimegoma na anakataa kuwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. J.D. anamwandikia orodha ya mambo ambayo bado hajayafanya duniani ili apate sababu ya kuishi, kumbe mama ameyafanya karibu yote, na ameridhika. Mwisho ni mgonjwa anayekaa kumliwaza daktari. Nimeliona hilo kwa macho yangu: mzee anayeondoka anamwambia kijana wa koti jeupe asihangaike tena, akae kidogo waongee. Chuoni hakuna somo la namna ya kukaa.

Lakini kilichonifanya niandike jibu refu hivi ni My Lunch, kipindi cha 20 cha msimu wa tano. Mwanamke mmoja anakufa, madaktari wanadhani amezidisha dawa za kulevya, na kwa kuwa kuna wagonjwa watatu wanaosubiri viungo, viungo vyake vinagawiwa. Kumbe aliuawa na kichaa cha mbwa. Wagonjwa wote watatu wanakufa mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho ni mtu ambaye Dk. Cox alikuwa amezoeana naye, ambaye angeweza kabisa kusubiri figo nyingine. Cox, mtu aliyetuchekesha kwa matusi yake tangu msimu wa kwanza, anavunjika palepale na kutoka nje.

Niliangalia kipindi hicho nyumbani na wenzangu kazini siku tuliyokuwa mapumziko. Mtazamaji wa Marekani huenda anakichukulia kichaa cha mbwa kama jambo la kitabuni. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunakijua. Dada mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye chanjo aliinuka akasimamisha deki, akakaa chini mbele ya televisheni, akaanza kutueleza kuhusu watoto wanaoletwa wiki kadhaa baada ya kung'atwa, jeraha limeshapona kabisa, wazazi hawana wasiwasi nalo tena, na mtoto ameanza kuogopa maji. Ukifika hapo karibu hakuna anayepona. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza akabonyeza mwenyewe tukaendelea. (Na kwa kuwa nimeligusa: ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo uanze chanjo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.)

Kisha mpangilio ukafanya kazi yake. Kipindi kinachofuata kwenye diski ni My Fallen Idol. Cox yuko nyumbani kwake hawezi kuinuka, na wenzake wanakwenda kwa zamu kukaa naye. Wakati wote ule yeye ndiye aliyekuwa akiwasimanga. J.D. ndiye anayechelewa, na anapofika anamwambia kwamba anamheshimu kwa sababu baada ya miaka 20 ya udaktari bado mgonjwa akifa inamuuma namna ile. Mtu aliyekutana na My Lunch kama kipande kwenye simu ameona mtu akivunja vyombo huku wimbo wa huzuni unapigwa. Hajajua kwamba kuna watu waliomwendea baadaye. Kwangu nusu ya pili ndiyo yenyewe, maana sisi tunaokabidhiana zamu huishi kwa nusu ile ya pili.

Halafu kuna raha ya kurudia. Katika My Screw Up, msimu wa tatu, Ben, rafiki na shemeji yake Cox, anayeigizwa na Brendan Fraser, anarudi akiwa na kamera shingoni na kusema ataibeba hadi siku atakayokufa. Mwisho wa kipindi unagundua alishakufa mapema katika kipindi hichohicho, na Cox amekuwa akiongea naye peke yake. Rudisha nyuma sasa. Utaona kuanzia wakati fulani hakuna mtu mwingine anayemjibu Ben, na kamera haipo. Waliiondoa mbele ya macho yako. Angalia pia yule mtu wa usafi anayemwandama J.D.: waandishi walikuwa wamepanga, kama sizoni ingefutwa mapema, ionekane alikuwa wa kufikirika tu, ndiyo maana katika msimu wa kwanza karibu haongei na mtu mwingine. Hayo nayo yanaelezwa na watengenezaji wenyewe, kwa sababu diski nyingi za Scrubs zina sauti ya pili ambamo mtunzi na waigizaji wanazungumza juu ya kipindi kinapokwenda, na zina matukio yaliyokatwa. Mdogo wangu, ambaye anasoma utabibu, alijifunza mengi zaidi kwa kusikiliza sauti hiyo kuliko kwa kuniuliza mimi.

Mfano mwingine wa faida ya diski ni M*A*S*H, kichekesho cha zamani zaidi kuhusu hospitali ya jeshi kwenye vita vya Korea. Vita vile vilipiganwa 1950 hadi 1953. Sizoni ikaenda kwenye CBS kuanzia 1972 hadi 1983. Televisheni ya Marekani iliwalazimisha waweke kicheko cha kurekodiwa, na watengenezaji wakashikilia kwamba angalau chumba cha upasuaji kisiwekewe. Kwenye DVD unapewa uchaguzi wa kukizima chote. Kizime. Mwisho wa msimu wa tatu, mkuu wa hospitali, Henry Blake, anaagwa aende nyumbani, kila mtu ana furaha. Kisha Radar, karani wa kambi, anaingia chumba cha upasuaji wakati madaktari wako kazini na kusoma kwamba ndege yake imetunguliwa, hakuna aliyepona. Waigizaji karibu wote walifichwa ukurasa ule hadi walipokaribia kuurekodi. Wanasikia, na mikono yao inaendelea na kazi kwa sababu kuna mtu amelala mezani ameshapasuliwa. Nakuambia kama nesi, ndivyo ilivyo. Habari inakufikia na mgonjwa aliye mbele yako bado anakuhitaji.

Kuhusu kununua. DVD hugawanywa kwa maeneo ya dunia: Tanzania iko eneo namba 5, seti za Marekani ni namba 1, za Uingereza namba 2. Kwenye deki iliyofungwa kwa eneo moja diski ya nje itagoma, lakini deki nyingi za Kichina zinazouzwa huku zinasoma zote. Nenda na diski yako dukani ujaribu kabla ya kulipa. Achana na zile za kuchomwa zenye misimu mitatu kwenye diski moja. Picha inakatika, sauti ile ya pili haipo, na mara nyingi mpangilio wa vipindi umevurugwa, yaani wamekuondolea kile ulichokinunulia. Ukitaka za mtandaoni, sikukatazi, ila ujue kuna huduma ambazo nyimbo kadhaa zimebadilishwa kwa sababu ya haki za muziki, na katika Scrubs wimbo ni sehemu ya kisa.

Nunua msimu wa 1 hadi wa 8. Wa 8 ndio unaofunga, 2009: J.D. anatoka kwa mara ya mwisho kupitia ukumbi mrefu, na pande zote wamesimama watu waliopita kwenye maisha yake, wakiwemo wagonjwa wa kipindi kimoja tu waliokufa miaka mingi nyuma. Bi. Tanner yumo. Kama ulirukaruka utaona nyuso tu. Wa 9 uko chuo cha udaktari na waigizaji wengi wapya, mimi nauhesabu kuwa sizoni nyingine. Ukipata seti ya nje na deki ikakataa, andika hapa aina ya deki yako, wapo mafundi humu watakusaidia.